Karani wa Machui: Maisha ya Shaaban Robert



Mwezi uliopita, baada ya Misa, vijana wawili wa kwaya walitusimamisha mlangoni pa kanisa wakibishana. Mmoja alishikilia kwamba Marehemu Shaaban Robert alikuwa Mkristo, maana jina la Robert, kwa hoja yake, hutoka kisimani pa ubatizo na si mahali pengine. Mwenzake alimcheka. Ilitubidi kumwambia yule wa kwanza kwamba ameshindwa. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu tangu kuzaliwa hata kufa, na jina lake limewapoteza wengi kabla yake. Lakini tulifurahi kuona kwamba vijana wanaweza kubishana juu ya mwandishi, si juu ya mpira tu.

Mama mmoja aliyekuwa karibu akisikiliza alituuliza jambo lililotukaa moyoni zaidi. Alitaka kujua mtu huyo alipata wapi wakati wa kuandika vitabu vyote vile. Yeye mwenyewe, alisema, ametamani kwa miaka mingi kuyaandika maisha ya marehemu baba yake aliyekuwa mwalimu wa dini, lakini kuna shamba, kuna wajukuu, kuna mikutano ya akina mama, na siku inakwisha kabla hajaishika kalamu. Tulimwahidi kumjibu katika gazeti hili. Haya ndiyo majibu yetu.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga, tarehe 1 Januari, 1909. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani wakati huo. Alipokuwa mtoto wa miaka mitano vita vya Tanga vilipiganwa, Novemba 1914, na kabla hajatimiza miaka minane Waingereza walikuwa wamekwisha kuuchukua mji. Kwa hiyo alipofikia umri wa shule, ilikuwa ni shule ya serikali ya Kiingereza. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Katika mtihani wa mwisho alikuwa wa pili kati ya watu kumi na mmoja waliofaulu. Sisi tuliowahi kusimamia mitihani ya darasa la saba, watoto mia na zaidi katika shule moja, tukisoma hesabu ya kumi na mmoja tunaona jinsi mlango wa elimu ulivyokuwa mwembamba kwa Mwafrika.

Mwaka ule ule wa 1926 alipata kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha. Hapo ndipo maisha yake halisi yanapoanza, na hapo ndipo penye jibu la mama yetu, kwa sababu mtu huyu hakuwa na siku hata moja ya kuwa mwandishi tu mpaka alipofika uzeeni. Alikaa Forodha mpaka mwaka 1944, Pangani na mahali pengine. Toka 1944 hadi 1946 alifanya kazi katika idara iliyoshughulika na wanyama. Toka 1946 hadi 1952 alikuwa katika Ofisi ya Wilaya hapa Tanga, na toka 1952 hadi 1960 katika Ofisi ya Upimaji, hapa hapa Tanga. Ukijumlisha ni miaka 34 ya ukarani.

Inafaa tukumbuke ukarani wa siku zile ulikuwa kazi gani. Karani wa Forodha aliandika mizigo inayoshuka na inayopanda, akahesabu ushuru, akanakili hati kwa mwandiko safi, kisha akanakili tena. Kalamu ilikuwa mkononi mwake kutwa, lakini haikuandika hata neno moja la kwake mwenyewe. Alikuwa chini ya amri ya wakubwa, na amri ya uhamisho ilipofika hakuulizwa kama yuko katikati ya sura ya tano. Alifunga vitu vyake akaenda. Na mshahara wa karani Mwafrika haukuwa wa kumkodia mtu nyumba yenye chumba cha peke yake cha kuandikia.

Basi wakati ulitoka wapi? Hesabu ni rahisi, nasi tumeifanya ubaoni mara nyingi mbele ya wanafunzi. Ukitoa saa za ofisi, ukatoa saa za chakula na ibada na jamaa na wageni (na nyumba ya pwani haikosi wageni), zinabaki saa za alfajiri kabla ya kwenda kazini na saa za usiku watoto wakiisha kulala. Mwislamu mwema huamka kabla ya jua kwa sala yake, kama vile mapadri wetu wa zamani kule Magila walivyoamka na kengele ya alfajiri. Katika mabaki hayo ya siku ndimo vilimotoka vitabu zaidi ya ishirini.

Marehemu mama yetu mzazi alikuwa akisuka ukili. Hatukumbuki kumwona hata siku moja amekaa kusuka tangu asubuhi hadi jioni. Alisuka chungu kikiwa jikoni, alisuka akingoja mvua ikatike, alisuka akizungumza na jirani, na kili aliziviringisha akazining'iniza ukutani. Halafu siku moja ungemwona ametandika zote chini anaziunga, na tazama, ni mkeka. Tukiviangalia vitabu vya Shaaban Robert tunaona kazi ya namna hiyo. Hata tenzi zenyewe ni ubeti na ubeti, na ubeti mmoja mtu aweza kuutunga akitembea kwenda ofisini. Utenzi wake juu ya vita vya 1939 hadi 1945 una beti zipatazo 3,000. Hakuna karani awezaye kukaa mara moja akaandika beti 3,000. Lakini beti tatu kwa siku, siku zote, bila ya kukosa, katika muda wa miaka mitatu zitazidi hapo.

Alianza kwa mashairi, kama wengi wa zama zake, naye alikuwa miongoni mwa washairi waliotokea katika gazeti la Mambo Leo. Wazee wetu watalikumbuka gazeti hilo la serikali, lililoanza mwaka 1923 na kusomwa na walimu na makarani nchi nzima. Wakati huo huo alijiendeleza kwa masomo ya posta. Kwa miaka mingi pia aliandikiana barua na ndugu yake Yusuf Ulenge, aliyekuwa mwalimu na ambaye naye alituandikia hadithi za watoto, Nguzo ya Maji. Barua hizo, za tangu mwaka 1931 hadi 1958, zimehifadhiwa, na zilichapwa kitabu mwaka 2002. Tunawasihi wasomaji wazitafute. Mtu akiviona vitabu vya Shaaban Robert peke yake humdhania kuwa ni mzee wa busara aliyekaa juu ya kiti kirefu. Akizisoma barua humwona kaka na mdogo wake, wanaoandikiana juu ya jamaa na shida na vitabu, kama tunavyoandikiana sisi sote. Ajabu ni kwamba mwenye ndugu mwema namna hii ndiye aliyetunga kisa cha Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, habari za mtu mwema aliyehusudiwa na ndugu zake mwenyewe hata wakageuzwa kuwa manyani.

Nyumbani kwake msiba uliingia mapema. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akamwachia watoto wachanga. Shairi aliloliita kwa jina la mkewe limesomwa madarasani kwa vizazi kadhaa, nasi tulipolifundisha hatukuwahi kulimaliza bila ya kunyamaza kidogo. Lakini angalia alichokifanya baada ya msiba. Alikuwa na binti anayekua bila ya mama, na mtoto wa kiume, na kazi ya ofisi haikumruhusu kukaa nao kutwa. Akawatungia kila mmoja utenzi wa mawaidha: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa kijana. Humo aliwawekea yote ambayo mzazi huyasema kidogo kidogo jikoni na barazani: juu ya kumcha Mungu, usafi, kazi, ndoa, adabu kwa wakubwa. Baadaye tenzi hizo alizitia katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Kwa hiyo kuandika kwake hakukusimama upande mmoja na malezi upande mwingine. Aliandika kwa sababu ya watoto, si kwa kuwakimbia. Labda hili ndilo linalomhusu zaidi mama yetu aliyetuuliza, maana hata yeye anawaza wajukuu.

Kusadikika kilichapwa mwaka 1951. Wengi wa wasomaji wetu walikisoma shuleni, baadhi yao kwa hofu ya fimbo, kwa hiyo tutasema kwa ufupi. Ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na maarifa mema, wakatupwa gerezani kwa shukrani. Sasa mkumbuke mwandishi alikuwa nani mwaka ule. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni katika Ofisi ya Wilaya ya Tanga. Alikwenda ofisini asubuhi akawatumikia wakubwa, na katika saa zake mwenyewe akaandika juu ya nchi ambayo wakubwa hawavumilii kuambiwa ukweli. Nchi hiyo aliiweka angani ili asiwepo mkubwa wa kusema kwamba ametukanwa. Kitabu kilipita. Sisi tulipokuwa katika chuo cha ualimu mkufunzi wetu alitutaka tueleze kisa hiki kina shujaa gani, nasi tukajibu kwa haraka kwamba ni Karama. Leo tungejibu pia kwamba ni yule karani aliyerudi ofisini kesho yake, akaketi mezani kwake kama kawaida.

Hatutaki kumfanya malaika. Wanawake katika hadithi zake ni wema mno au hawapo, na wahusika wake hubeba sifa katika majina yao hata msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza nani atashinda. Wanafunzi wetu walilalamika kwamba anahubiri. Kweli anahubiri. Lakini tumesikiliza mahubiri mengi maishani mwetu, na machache yamesemwa kwa Kiswahili kizuri namna ile.

Wala tusidhani alijali wakubwa tu na mambo makubwa. Mwaka 1958 ulitoka Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya yule mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Siti alizaliwa Fumba katika jamaa ya wafinyanzi, akauza vyungu, akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Mwanamke, maskini, mwimbaji wa taarabu: watu wa heshima wa siku zile hawangemwona kuwa anastahili kitabu. Shaaban Robert aliona anastahili. Kwa maoni yetu hiki ni kimoja katika vitabu vyake bora, ingawa madarasani kimesomwa kidogo kuliko vingine.

Heshima alipewa. Alipata nishani ya M.B.E. ya Waingereza, na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Alipewa pia tuzo la ukumbusho wa Margaret Wrong, na hapa Wakristo tusikilize. Margaret Wrong, aliyefariki mwaka 1948, alikuwa mwanamke wa Kanada aliyetumikia kamati ya kimataifa ya vitabu vya Kikristo kwa Afrika. Tuzo lililowekwa kwa ukumbusho wake likamfikia Mwislamu wa Machui, wala hatujasikia kwamba lilimpunguzia yeyote imani yake.

Lakini heshima si chakula. Hapa tunafika penye uchungu wa habari hii. Kuandika kitabu ni jambo moja na kukiona kimechapwa ni jambo lingine. Miswada ya Shaaban Robert ilisafiri mbali: vingine vilichapwa London, vingine Johannesburg katika chuo kikuu cha Witwatersrand, na baadhi alijitahidi kuvitoa mwenyewe hapa Tanga. Mingine ilikaa tu. Kufikirika, hadithi ya mfalme aliyekosa mrithi na nchi yote ikahangaika, aliiandika mwaka 1946. Ilichapwa mwaka 1967. Msomaji ahesabu mwenyewe: miaka 21.

Sisi tunayajua hayo kwa kipimo chetu kidogo. Tulipokuwa bado kazini tuliandika kijitabu cha hadithi za watoto wa darasa la tatu. Tulikiandika katika madaftari matatu, saa kumi na moja za asubuhi kabla ya kwenda shule, kwa taa ya chemli, na tukakipeleka kwa wachapaji fulani. Tulipewa hati ya kupokelewa. Tuliandika barua moja, mbili, tatu. Hatukupata kitabu wala madaftari yetu. Kwa hasira hatukuandika tena kwa miaka tisa. Hatukunakili, hilo ndilo lililokuwa kosa letu. Shaaban Robert, aliyezoea kunakili hati za watu kutwa, angetucheka kwa upole. Lakini tunalotaka kusema ni kwamba yeye naye alingoja, tena kwa vitabu vikubwa kuliko kijitabu chetu, na wakati akingoja kimoja alianza kingine. Sisi tulisusa, yeye hakususa. Tofauti hiyo imetuuma, na hatuoni sababu ya kuificha mbele ya watu wa mtaa wetu.

Mwaka 1960 aliacha kazi ya serikali. Alikuwa amepita miaka hamsini, na habari za umri huo aliziandika katika sehemu ya pili ya maisha yake, aliyoiita Baada ya Miaka Hamsini. Hatimaye siku yote ilikuwa yake. Kuna hadithi yake moja, Utubora Mkulima, ya mtu anayeiacha kazi ya mshahara Unguja akarudi Busutamu kulima, akaiona raha ambayo fedha haikumpa. Tukiisoma tunamsikia karani wa miaka 34 anayeiwaza siku atakapoifunga meza yake.

Siku hizo hazikuwa nyingi. Tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ilipata uhuru, naye aliuona. Juni 1962 alifariki, hapa Tanga, akiwa na umri wa miaka 53. Alikuwa amepata kama miaka miwili tu ya kuamka asubuhi bila ya kwenda ofisini. Utenzi wake wa vita ulichapwa 1967, mwaka mmoja na Kufikirika. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Kati ya hadithi zake ndefu zinazojulikana kuliko zote, tatu hakuziona kitabuni kamwe. Watoto wa shule waliozaliwa baada ya kifo chake ndio waliozishika mikononi kwanza.

Jina lake lina shule Dar es Salaam na lina barabara. Kaburi lake liko Machui. Kutoka mjini ni safari fupi kwa njia ya Pangani, na vijana wa kwaya wakitaka kwenda siku moja baada ya sikukuu, sisi tuko tayari kufuatana nao ikiwa gari litapatikana, maana magoti yetu hayawezi tena mwendo huo.

Mama yetu aliyetuuliza, tumekununulia daftari. Liko kwa katibu wa kanisa, limefungwa kwa karatasi ya kaki. Baba yako tulimfahamu kidogo, alitufundisha Katekisimo tukiwa wadogo, na tungependa kusoma jinsi alivyokuwa nyumbani. Ukiandika, nakili.

Na yule msomaji aliyeazima Kusadikika yetu wakati wa Kwaresima ya mwaka juzi, yenye jalada lililoshonwa kwa uzi mweusi, tafadhali airudishe. Si kwamba tunamdai. Tunataka kuwapa wale vijana wawili.